Kopo la Maziwa

Kazini Bombo, chumba cha eksirei,
maneno yangu kutwa ni haya tu:
Vuta pumzi. Zuia. Pumua.
Miaka kumi na mmoja nimepiga mbavu za Tanga hii,
nyonga za wakata mkonge,
kidole cha mtoto kilichobanwa na mlango wa jikoni,
wala sijapata kupiga uso wa mtu.

Ndipo nikaomba filamu zilizopitwa na wakati,
zile za kutupwa.
Nikatoboa kopo la maziwa ya unga kwa sindano ya cherehani,
ndani nikalipaka masizi,
tundu nikaliziba kwa utepe wa fundi umeme.
Bafuni blanketi dirishani, taa nyekundu, ndoo tatu.
Kilua, mume wangu, alikoga gizani wiki mbili:
"Wenzangu wameoa wake. Mimi nimeoa studio."

Ya kwanza ilitoka nyeusi tii.
Kopo lilikuwa linavuja mwanga.
Ya pili tupu kama kioo:
nilisahau kubandua utepe.

Ya tatu, soko la Mgandini, dakika nne juu ya gunia la dagaa.
Matenga ya nyanya yamo, mizani imo,
paka amelala juu ya mizani, yumo mpaka sharubu.
Watu hawamo.
Soko zima limejiuza lenyewe.
Mwanaiki wa machungwa akaishika, akaigeuza:
"Na mimi umeniweka wapi? Nipo hapa tangu alfajiri!"
"Hukutulia, dada."
"Nikitulia nitakula nini?"

Nikajaribu kukimbia na vinavyokimbia.
Barabara ya Ishirini nikazunguka na kopo mkononi
nikimfuata kijana wa mikate na baiskeli yake.
Nikapata moshi.
Nikarudia. Moshi, na kitu kama mkate.

Basi nikaenda kwa fundi Semkiwa, Barabara ya Kumi na Nne,
nikaliweka kopo juu ya tofali.
Baiskeli ilikuwa kichwa chini, tandiko mchangani,
magurudumu juu kama kawaida ya mgonjwa wake.
"Dakika tatu tu, fundi. Usitikisike."
Akacheka, akalizungusha gurudumu la nyuma:
"Mwambie kwanza huyu."

Usiku ule, chini ya taa nyekundu, nikaona
bati la kibanda liko chini, udongo uko juu,
Tanga nzima inaning'inia kwa miguu
(ndivyo tundu linavyoona, kila kitu kinapinduka),
ila baiskeli.
Baiskeli peke yake imesimama sawasawa,
kama iliyojua tangu mwanzo.
Fundi mwenyewe ni mvuke.
Mvuke, na kisigino kimoja
alichokikita chini dakika zote tatu,
ndani ya kandambili iliyoshonwa kwa waya wa breki.

Nilimwahidi nitamletea. Nikasema kesho.
Nikasema Jumamosi.
Masika yakaingia, na homa ya siku nne.

Matangani nilikaa mkekani na wanawake.
Mwanga wa mlangoni ulikuwa laini,
hakuna aliyesogea hata nzi alipomtua.
Kopo lilikuwa ndani ya mkoba wangu, limejazwa filamu.
Mkono ulijua. Dakika tatu, ulisema, hawa wote watatoka.
Nikaukalia mkono.

Siku nyingi baadaye nikampelekea Mwanamkasi ile ya kibandani.
Akaiinua dirishani, nyeupe ikiwa nyeusi, nyeusi nyeupe.
"Baiskeli ya nani hii?"
Akaipindua juu chini, akaisogeza karibu na jicho.
Kidole chake kikapita kwenye mvuke bila kusimama,
kikashuka, kikafika kisiginoni.

"Zile kandambili," akasema.
"Nilimwambia azitupe."

Akavuta pumzi.
Akazuia.
Nami nimesimama pale, na neno langu la tatu mdomoni,
silisemi.